Shimo au Lambo

Siku tunamzika Mama Kulwa simu yangu iliita nikiwa jikoni msibani, nimeshika mwiko wa kugeuzia wali, moshi umenijaa machoni. Nilidhani ni wale waliokwenda kuchukua maturubai. Kumbe alikuwa Bwana Faustine. Miaka mingi nilikuwa sijaisikia sauti yake na haikuwa imebadilika; bado anaongea kama mtu anayekaribia kukata utepe. Akanipa pole, akasema marehemu alikuwa "mdau muhimu wa safari yetu," akasema yuko njiani anakuja na wenzake wa kituo, wana shada la maua na mpiga picha. Halafu akaomba kitu kimoja tu. "Zuhura, nitumie lokesheni." Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata simu. Mtandao ulikuwa unashika vizuri sana. Binti aliyekuwa anamenya vitunguu pembeni yangu alikuwa anaangalia video ya harusi. Niliufunika wali nikaenda kumtafuta Kulwa, maana mfiwa ni yeye na alikuwa na haki ya kujua nani anakuja kumzikia mama.

Kijiji chenyewe sitakitaja, wala sitasema kiko upande gani wa barabara ya kwenda Mwakitolyo. Kiliwahi kuwekwa kwenye ramani mara moja kwa ajili ya kuwafurahisha watu, na inatosha. Nitautaja mwaka wenyewe tu, na hata huo nitautaja kwa mambo yake: simu za kupangusa zilikuwa zimeanza kuingia mikononi mwa kila mtu Shinyanga, magrupu ya kutumiana uongo yalikuwa mapya na matamu, na mimi nilikuwa na umri wa kudharau kila mtu. Umri umepita. Ustadi ule, nashukuru Mungu, haujapotea.

Nilikuwa nashinda kwenye duka la vifaa vya ofisi pale mjini, natoa fotokopi za vyeti vya watu ambao hawakuajiriwa. Nyuma ya duka kulikuwa na chumba cha stoo chenye maboksi ya karatasi, feni iliyokuwa inazunguka pale tu unapoipiga kofi, na kompyuta mbili zilizofufuliwa na Kulwa. Kulwa alikuwa amemaliza chuo, amerudi, na alikuwa na tabia ya kusoma mtandaoni vitu ambavyo binadamu wa kawaida hasomi: orodha za vijiji, vipimo vya mvua, majedwali ya visima. Alikuwa anasema serikali huweka vitu hadharani halafu inavisahau, kama mtu aliyeanika nguo akahama. Mimi nilikuwa najua kuchora kurasa na kuandika maneno ya kuchokoza. Mchana tulikuwa tunakula michembe aliyoletewa kutoka kwao, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, vikachemshwa vikalainika, na karanga, na huku tunatengeneza upuuzi. Sijawahi kufanya kazi nyingine niliyoiheshimu kiasi kile.

Ukurasa wetu wa kwanza ulikuwa unajibu swali moja: je, Mhunze imenyesha? Ulikuwa unachukua vipimo vya mvua vilivyowekwa wazi, unatoa neno moja kubwa, IMENYESHA au BADO, na kwa miezi mingi ya mwaka ulikuwa hauna haja ya kompyuta, maana jibu lilikuwa BADO. Wa pili ulikuwa unatunga vijiji. Tulichukua orodha ya vijiji vyote vya mkoa, tukaichanganya, ukibonyeza inakuletea jina ambalo halipo lakini unaapa umeshawahi kupita hapo. Watu wakaanza kugombana. Jamaa mmoja wa Maganzo aliandika kwamba kijiji kimoja kati ya hivyo vya kutunga yeye kaoa huko, na wakweze ni watu wazuri. Tulicheka mpaka mwenye duka akaja kuangalia kama tumeshikwa na umeme. Ndiyo, tulikuwa tunawacheka watu. Walikuwa wanachekesha.

Ndipo Kulwa alipoleta ule mchezo. Alikuwa anaangalia picha za setelaiti, zile ambazo mtu yeyote anazifungua bure, akagundua kwamba kiangazi, ukiangalia kutoka juu, shimo la dhahabu na lambo la ng'ombe ni kitu kimoja. Lambo ni bwawa la kuchimba, lina tuta upande mmoja, na maji yakipungua linabaki duara la tope la kahawia, na njia za ng'ombe zimelizunguka kutoka kila upande. Shimo la wachimbaji nalo ni duara la kahawia, na njia za watu zimelizunguka. Tukaweka picha moja moja, vitufe viwili, SHIMO na LAMBO, mtu anabahatisha, kisha tunamwambia ukweli kutoka kwenye orodha za serikali, na akikosea tunamtukana kidogo. "Wewe ni wa Dar?" ndilo lilikuwa tusi letu kubwa. Picha ya mwisho, ile ngumu, Kulwa aliweka lambo la kwao. "Hili litawatoa jasho," alisema kwa fahari. Hata watu wa Geita waliozaliwa kwenye vifusi walikuwa wanalikosea.

Mchezo ulienea. Na kitu kikienea hapa kwetu hakikosi mlezi. Bwana Faustine alikuwa mkurugenzi wa kituo cha ubunifu kilichofunguliwa karibu na stendi, nyumba iliyopakwa rangi za pipi, yenye mito mikubwa ya kukalia ambayo ukizama humo huwezi kuinuka kwa heshima. Alituita, akatupa fulana. Akatuambia sisi ni ekosistimu. Kila Alhamisi kulikuwa na sambusa ndogo za ukubwa wa kidole gumba na mtu wa kutufundisha jinsi ya kushindwa, somo ambalo sisi wa fotokopi tulikuwa tunaweza kulifundisha wenyewe. Tulikwenda kwa sababu walikuwa na mtandao wa kasi na umeme usiokatika, na sioni aibu. Mbuzi hula urefu wa kamba yake. Chumba cha mkurugenzi kilitengwa na chetu kwa ubao mwembamba, kwa hiyo tulikuwa tunasikia mazungumzo yake yote na wafadhili. "Hawa vijana wangu wa porini," alikuwa anasema. Mimi nimezaliwa nyuma ya msikiti, mita chache kutoka benki. "Mchezo wao utatokomeza uchimbaji holela." Kulwa alinitazama. "Mchezo wetu?" akaninong'oneza. "Huu wa kutukana watu wa Dar?"

Kabla wafadhili hawajaja kutazama, Bwana Faustine alitaka mabadiliko. Alitaka mtu akishabonyeza aone wachezaji wangapi kwa mia wamesema shimo, na chini yake jina la kijiji na mahali kilipo hasa. Jibu sahihi alitaka liondolewe, kwa kuwa, alivyosema, linaua mjadala. Kulwa akamwambia, kwa adabu zake za Kisukuma ambazo huwa zinanitia hasira, "Mzee, bila jibu utakuwa umeacha uvumi tu." Mimi nilisema kwa lugha fupi zaidi. Bwana Faustine alitabasamu kwa tabasamu lake la kikao. "Vijana, takwimu bila mahali ni hadithi." Akampa kazi hiyo mtaalamu wake aliyetoka semina, wakabadilisha neno la siri, wakatuachia sisi kazi ya kuongeza picha, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa inahitaji akili. Kufuta hatukuruhusiwa.

Sasa mtu asiyejua ukanda wa dhahabu atauliza, nani anaamini mchezo wa simu? Nitamjibu. Kule mtu akitaka kuanza duara jipya, yaani shimo la kuchimbia, huwa haanzi na jembe, anaanza na ishara. Kuna anayeoteshwa, kuna anayefuata njia ya siafu, kuna anayekwenda kwa mganga. Mganga mmoja wa Mwakitolyo, mwenye wateja wengi, alikuwa na simu ya kupangusa. Alikuwa anaingia chumbani kwake na kibuyu, mteja anabaki nje, anafungua mchezo wetu, anatoka na jina la kijiji. Lambo la kina Kulwa lilikuwa juu kabisa, karibu wachezaji wote walikuwa wamesema SHIMO. Picha ya ukurasa ule ikasambaa kwenye magrupu na maneno haya chini yake: setelaiti imeona mali. Hakuna aliyejiuliza setelaiti ingeona vipi kitu kilichoko ardhini, wakati hata mvua ya Mhunze ilikuwa haijaiona.

Tulifika kijijini kwa pikipiki asubuhi, baada ya Doto kupiga simu. Doto ni pacha wa Kulwa, yule aliyebaki na ng'ombe wakati mwenzake anasoma. Rashi, yaani ule mfumuko wa wachimbaji wanaokimbilia mahali panaposemekana pametema dhahabu, ilikuwa imeshafika kabla yetu. Maturubai ya bluu yalikuwa yamejaa pembeni ya lambo, muziki unalia, mama ntilie anakaanga chapati, kinyozi ameshafungua. Walikuwa wanachimba ndani ya tope lenyewe, na ili wachimbe pakavu walikuwa wamekata tuta. Maji ya kiangazi chote, ya kijiji kizima, yalikuwa yanatiririka mfereji mdogo kuelekea kwenye ngitili, lile eneo la nyasi wanalolifunga mpaka ukame ukikolea, na yalikuwa yanaingia ardhini bila ng'ombe hata mmoja kuyaonja. Sungusungu, walinzi wa kijiji, walikuwa wamepiga mwano, lile yowe la kuitana, wanaume wamekuja na fimbo na marungu, lakini waliokuja na sululu walikuwa wengi zaidi na walikuwa na barua ya mganga. Sungusungu wa siku zile walikuwa wanajua kumshika mwizi wa ng'ombe. Mwizi wa maji anayechimba mchana huku anacheka walikuwa hawajawahi kukutana naye.

Mama Kulwa alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni kwake, ameligeuzia lambo mgongo. Nilimwamkia shikamoo akaitikia marahaba, akatuletea maziwa ya mgando na ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, na hakusema neno mpaka tumekula. Ndiyo heshima ya kule, hata nyumba ikiungua mgeni anakula kwanza. Nilikuwa namwogopa mama yule kuliko mtu yeyote niliyemjua, na nilikuwa nampenda, ingawa alikuwa akiniita Mswahili kana kwamba ni aina ya ugonjwa.

"Mswahili wangu," alisema, "eti mashine yenu imeona dhahabu kwenye lambo langu?"

"Haijaona kitu, mama. Ni watu walikuwa wanabahatisha kwenye simu."

"Watu gani?"

"Watu tu. Wa Dar, wa Mwanza, wa kila mahali."

"Kuna hata mmoja aliyewahi kunywesha ng'ombe pale?"

"Hakuna, mama."

"Ng'hana? Kweli? Sasa mbona waliulizwa wao?"

Nimekaa kwenye makongamano mengi tangu siku ile, nimesikia maprofesa wakieleza hatari za takwimu huria kwa vielelezo vya rangi, na hakuna aliyelikaribia swali la mama yule. Kulwa alikuwa anatazama chini. Doto ndiye aliyesema, bila hasira, kwamba maji yakiisha ataondoka na ng'ombe kwenda upande wa Geita, kwenye majani, na kwamba pengine hatarudi, maana anayehamisha ng'ombe namna hiyo huwa anaishia kuoa huko. Mama yake akamwambia, "Usiseme hivyo nikiwa nasikia." Hapo nilielewa kwamba yaliyokuwa yanaondoka kwenye ule mfereji hayakuwa maji peke yake.

Tulirudi mjini tukaingia ofisini kwa Bwana Faustine na vumbi letu. Tulimwomba afute picha ile moja tu. Alisikiliza kwa makini sana, akaandika, akasema suala letu amelipokea na litaingia kwenye kikao cha robo mwaka, maana sasa hivi wachezaji wanaongezeka na mfadhili anafuatilia ule mstari unavyopanda. Tulipotoka tulimsikia kupitia ubao akimwambia mhasibu wake, "Sasa ng'ombe si wanahamahama jamani? Watahama." Kulwa alisimama pale mlangoni amekunja ngumi. Katika maisha yake yote mtu yule hajawahi kumpiga mtu, na ninaamini angeanza siku ile. Nilimvuta shati.

"Njoo," nilimwambia. "Tuna kazi ya kuongeza picha."

Nje ya mji, njia ya kwenda Maganzo, Bwana Faustine alikuwa anajenga nyumba ya wageni. Alikuwa ametueleza habari zake mara nyingi huku akila sambusa zetu: vyumba, bustani, baa. Nilifungua picha ya setelaiti nikaikuta. Ukuta haujajengwa, kifusi chekundu kimerundikana, na katikati shimo kubwa zuri la mviringo, shimo la choo cha wageni wake watarajiwa. Nilikata picha, nikaiweka kwenye mchezo, nikajaza jina la mahali kama mtaalamu wake alivyotaka. Sikudanganya hata herufi moja. Lilikuwa shimo. Wachezaji wa Tanzania nzima walilitazama wakasema kwa kauli moja SHIMO, na kwa mara ya kwanza katika historia ya mchezo ule walikuwa sahihi.

Watu wa Maganzo ni watu wa almasi. Wao hawakuhitaji hata mganga. Walikuja na chekeche, na mapipa ya kuoshea mchanga, na wake zao, na walikuwa wastaarabu sana, walimsalimia mlinzi, wakaingia shimoni. Bwana Faustine alipigiwa simu Alhamisi, tukiwa kwenye somo la kushindwa. Nilimwona akizama kwenye ule mto wa kukalia, anajaribu kuinuka, anarudi chini. "Zima!" alimpigia kelele mtaalamu wake. "Zima kila kitu! Sasa hivi!" Mchezo ulizimwa sambusa zikiwa bado za moto. Hakukuwa na kikao. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kulwa alivua fulana ya kituo, akaikunja vizuri, akaiweka mezani, na tukatoka. Watu huwa wananiuliza kama najutia. Najutia kwamba hakuwa na nyumba ya pili.

Lakini kuzimwa kwa mchezo hakukurudisha maji. Wale wa kwenye lambo hawakupata hata chembe, wakaondoka kama walivyokuja, kinyozi akiwa wa mwisho, wakaacha mashimo na makopo. Doto akaondoka na ng'ombe. Mama Kulwa alimsindikiza mpaka barabarani na hakulia mpaka vumbi limetulia, kisha akalia kwa sauti, na wanawake wakamshika. Mvua zilipokuja alitangulia na karai lake kichwani, akawatoa wanawake wa kijiji kizima kusomba udongo na kuliziba tuta, na wanaume wakaona aibu wakaja na majembe. Sungusungu nao wakaweka sheria ambayo haijafutwa mpaka leo: mgeni yeyote atakayeulizia lambo, apigiwe filimbi, apelekwe kwanza kwa mtemi wao, akae, ale, aeleze anamtafuta nani. Akimjua mtu kijijini, aende kwa mtu wake. Akijua lambo tu, hana pa kwenda. Doto alioa upande wa Geita, kama alivyosema. Mazishi haya ndiyo yaliyomrudisha, na wanawe hawakujua hata mlango wa nyumba ya bibi yao uko upande gani.

Kulwa nilimkuta kaburini, anasimamia vijana wanaokoroga saruji. Nilimwambia nani amepiga simu. Kulwa amezeeka, ana mvi za pembeni, na anafundisha hesabu shule ya kata, kazi anayoifanya vizuri na ambayo hakuna anayempa fulana. "Atataka turudishe mchezo," alisema. "Wanatimiza miaka kadhaa ya kituo. Alinitumia ujumbe mwezi uliopita, anauita urithi." Nikamuuliza alimjibu nini. "Nilimwambia mama anaumwa. Akaniambia tutaongea akipona."

Hatukuwa tumemaliza maneno hayo, filimbi ikalia kule njia panda, mara moja, kisha ikajibiwa. Baada ya muda simu ya Kulwa ikaita. Alikuwa mtemi wa sungusungu, mzee anayeongea na simu kwa nguvu kama vile anamwita mtu ng'ambo ya bonde, kwa hiyo wote tulisikia.

"Kulwa, pole na msiba. Huku kuna bwana mmoja na gari na maua. Ameuliza lambo. Tumemkalisha."

"Anasemaje?"

"Anasema anakwenda kumzika Mama Kulwa. Tumemwuliza, Mama Kulwa yupi? Mke wangu mimi ni Mama Kulwa. Jirani yangu ni Mama Kulwa. Tumemwuliza marehemu jina lake nani, hajui. Anapekua simu."

Mama yule alikuwa anaitwa Kabula. Ni jina wanalopewa wanaozaliwa mvua ikinyesha, na hakuna mtu kijijini, hata mtoto, asiyelijua. Kulwa alinitazama, akamtazama Doto aliyekuwa ameshika koleo upande wa pili wa kaburi.

"Mpeni michembe," akasema. "Maziwa yakiwepo, mpeni na maziwa. Anatafuta lambo huyo, hajaja msibani."

Akakata simu, akaiweka mfukoni, akawaambia vijana saruji imekuwa nzito, waongeze maji. Wawili wakachukua ndoo wakashuka lamboni kuchota.